Mtoto wa Paka Aliyepooza Miguu ya Nyuma: Mwongozo Kamili wa Kumtunza Nyumbani

Ukimwokota mtoto wa paka anayeburuta miguu ya nyuma, kila mtu nyumbani atauliza kama atatembea tena. Swali la kukunyima usingizi usiku huo ni jingine: amekojoa? Paka anaweza kuishi miaka mingi kwa miguu miwili ya mbele, akapanda kochi na kukimbiza mende. Kibofu kilichojaa kisipomwagwa kinamuua ndani ya siku chache. Ndiyo maana humu kibofu kimepewa nafasi kubwa kuliko mazoezi, na mazoezi kuliko kigari cha magurudumu, ingawa kigari ndicho watu hukimbilia kuulizia.

Maelezo haya yanamhusu zaidi paka wa wiki 4 hadi miezi 6.

Kabla hujamgusa

Kupooza miguu ya nyuma ni mojawapo ya dalili za kichaa cha mbwa, na paka huupata ugonjwa huo kama mbwa. Ukiona amepooza huku anadondosha mate, sauti imebadilika, anashindwa kumeza au anang'ata kila kinachomkaribia, usimshike. Mfunike kwa beseni, weka kitu kizito juu, mwite afisa mifugo. Hata asiye na dalili hizo mshike kwa taulo nene, maana maumivu humfanya paka mpole ang'ate. Aking'ata au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya chanjo. Paka aliyeng'ata mtu huangaliwa kwa siku 10, lakini sindano yako ya kwanza haingojei siku hizo ziishe.

Kumbeba na kumpasha joto

Chukulia kwamba mgongo umevunjika mpaka daktari aseme vingine. Usimnyanyue kwa ngozi ya shingo wala kwa kumshika makwapa akaning'inia. Sukumiza kipande cha kadibodi ngumu au sinia bapa chini yake, kichwa na kiuno vikae mstari mmoja, mfunike kwa leso na kuibana pembeni, kisha ingiza vyote ndani ya boksi.

Sasa joto, kabla ya chakula. Paka aliyepita wiki 4 huwa na nyuzi 38 hadi 39. Akiwa chini ya 37 usimlishe: tumbo lililopoa halisagi, na akiwa mlegevu maziwa huteleza hadi mapafuni. Jaza maji ya moto kiasi cha kuoga kwenye chupa ya nusu lita, ifunge na taulo mara mbili, iweke ubavuni karibu na kifua, na nusu ya boksi iachwe bila joto ili ajivute aende huko akizidiwa. Chupa isikae karibu na mapaja. Sehemu iliyokufa ganzi itaungua naye asisogee, na kidonda hutakijua hadi siku ya pili au ya tatu, ngozi ikianza kubanduka.

Vipimo vya dakika kumi

Akishapata joto, mweke juu ya taulo mezani na uangalie haya. Andika majibu pamoja na saa, daktari atayahitaji.

1. Mtazame bila kumgusa. Miguu inaburutwa yote miwili au mmoja? Mkia unatingishika au unaning'inia kama kamba?
2. Pindua unyayo wa nyuma ili mgongo wa unyayo uguse meza. Mwenye neva nzima huurudisha palepale. Asiporudisha, taarifa ya mguu haifiki kichwani.
3. Bana ngozi kati ya vidole, kisha kidole chenyewe kwa nguvu kidogo. Hapa wengi hudanganyika: mguu kujikunja hakumaanishi anahisi. Mguu unaweza kujivuta wenyewe hata mgongo ukiwa umekatika. Angalia uso. Amegeuka, amelia, ametaka kung'ata? Hiyo ndiyo hisia.
4. Linganisha joto la nyayo za nyuma na za mbele. Nyayo za nyuma zikiwa baridi na zimegeuka buluu au nyeupe, damu haifiki. Hiyo ni dharura ya saa ileile.
5. Gusa sehemu ya haja kubwa kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu. Inapaswa kubana.
6. Papasa tumbo mbele ya mapaja. Kama kuna kitu cha mviringo, kigumu kama ndimu, hicho ni kibofu kilichojaa.

Usipime hisia mara kumi kwa siku kwa sababu ya wasiwasi. Mara moja asubuhi inatosha, na baada ya wiki ya kwanza hata mara moja kwa siku tatu.

Nini kimempata

Wengi wameumizwa: bodaboda, mlango uliofungwa kwa nguvu, mbwa, kuanguka darini, au gari lililowashwa asubuhi huku mtoto wa paka amelala kwenye injini kwa ajili ya joto. Nyonga ikivunjika, mara nyingi hisia zinabaki na paka anajaribu kusimama. Nyingi huunga kwa kumfungia pasipo na nafasi ya kuruka kwa wiki 4 hadi 6, ilimradi njia ya haja kubwa haijabanwa na mifupa iliyosogea. Mgongo ukivunjika, majibu ya kipimo cha tatu ndiyo yanayotabiri mengi. Kuna pia aliyevutwa mkia: anatembea vizuri, watu wanasema amepona, ila mkia umekufa na mkojo hautoki. Huyo hukamuliwa kibofu kama wengine. Asipopata tena uwezo wa kukojoa ndani ya mwezi mmoja hivi, kwa kawaida haurudi.

Sababu inayopitwa zaidi iko kwenye bakuli. Mtoto wa paka aliyelelewa kwa nyama tupu, maini au mapupu, bila mfupa, anakula fosforasi nyingi na kalsiamu karibu hakuna. Mwili wake huichota kalsiamu kutoka kwenye mifupa. Mifupa inalainika, inapinda, inavunjika kwa kuruka kutoka kwenye stuli, na pingili za mgongo zinaweza kujikunja na kubana neva. Utamtambua: ana miezi 2 hadi 5, hataki kucheza, analia akishikwa kiuno, anapata choo kigumu, na aliyemleta anasema kwa fahari kwamba "huyu hali kitu ila nyama." Habari njema ni kwamba huyu hubadilika kwa chakula. Ndani ya wiki chache maumivu hupungua na mifupa huanza kukaza, ingawa iliyokwisha kupinda hubaki imepinda. Mpaka hapo asipewe nafasi ya kuruka kabisa, na watoto wa nyumbani wasimbebe.

Samaki wabichi nao wana lao. Baadhi yao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1; paka anayewala kila siku huyumba na kuinamisha shingo kama anayetafuta kitu kifuani. Kupika hukiua kimeng'enya hicho.

Anayeyumba miguu yote minne, kichwa kikitetemeka anapolenga bakuli, bila maumivu na tangu alipoanza kutembea, huenda mama yake aliambukizwa virusi vya panlukopenia akiwa na mimba, na sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo haikukua. Hana dawa, hazidi kuwa mbaya, na haja zake hutoka zenyewe. Mpe sakafu isiyoteleza na bakuli zito, basi.

Na yule wa wiki 2 au 3 ambaye miguu imetawanyika pembeni kama chura? Wahi. Funga miguu ya nyuma kwa plasta laini ya hospitali yenye upana wa sentimita 1 hadi 2, umbo la nane, juu ya vifundo, ukiacha kati yake nafasi sawa na upana wa nyonga. Vidole visivimbe wala kupoa. Badilisha kila siku 2 au 3. Baada ya wiki 4 mifupa huwa imezoea na kazi inakuwa ngumu.

Kwa daktari

Omba picha ya eksirei ya mgongo na nyonga kwa pande mbili, ubavu na chali. Ya upande mmoja huficha mengi. Kliniki ya karibu isipokuwa na mashine, hospitali za mafunzo za vyuo vya tiba ya mifugo ni pa kuulizia: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kiko Morogoro, Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, Makerere iko Kampala. Muulize daktari mambo matatu: je, mgongo umetulia au unaweza kusogea zaidi? Kibofu nikikamue mara ngapi? Lini naruhusiwa kuanza mazoezi? Kabla hujaondoka, omba akuonyeshe kukamua, kisha ukamue wewe mbele yake.

Dawa za kabatini ziache. Panadol huua paka: kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua mkubwa, na kwa mtoto wa nusu kilo hata kipande chake ni sumu. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki zimo kundi hilohilo. Dettol haifai kuoshea wala kufutia sakafu anayoilamba. Dawa za viroboto za mbwa zenye pamethrini, na dawa ya kuogeshea ng'ombe, zinamtia kifafa. Viroboto vya mtoto wa paka dhaifu toa kwa kitana chenye meno ya kubana, uvizamishe kwenye maji ya sabuni.

Kibofu

Paka wa chini ya wiki 4 hata akiwa mzima hajui kukojoa mwenyewe. Mama yake humlamba. Yeye futa sehemu zake kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kwa mzunguko mwepesi, kila baada ya kumlisha. Aliyepooza na aliyepita umri huo anahitaji kukamuliwa.

Ratiba rahisi kwa mwenye kazi ni saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Wiki ya kwanza ongeza moja, saa 1 jioni. Pengo lisizidi saa 8.

1. Tandika taulo, mweke amesimama au amelala kifudifudi, kichwa kikielekea mbali nawe. Mkono wa kushoto ushike kifua kutoka chini.
2. Mkono wa kulia upite chini ya tumbo: kidole gumba upande mmoja, cha shahada na cha kati upande wa pili, mbele tu ya mapaja. Kiasi cha kushika yai bichi.
3. Rudisha vidole polepole kuelekea mkia mpaka kitu kama puto dogo lenye maji kiteleze kati yake. Ukikuta vijiwe vilivyopangwa mstari, juu karibu na mgongo, hicho ni choo, shuka chini.
4. Subiri atoe pumzi. Tumbo likikaza, usishindane nalo.
5. Kwa nyama ya vidole, si ncha, bana pande mbili taratibu na kusukuma kidogo kuelekea mkia. Shikilia kwa sekunde 5 hadi 10. Mkojo ukianza, usiongeze nguvu, endelea vilevile.
6. Ukikatika, legeza, hesabu hadi kumi, rudia. Umemaliza pale pande mbili za kibofu zinapokutana kama puto lililopasuka.

Siku mbili za kwanza utapata matone na kukata tamaa. Kosa la kawaida ni kushika juu mno, kwenye matumbo. La pili ni kuacha mapema kwa sababu mkojo umekatika mara moja. Kinachobaki ndani huoza, na mkojo uliooza hupandisha maambukizi hadi kwenye figo. La tatu, na la hatari zaidi, ni kuona nguo imelowa na kusema "anakojoa mwenyewe." Kibofu kilichojaa kupita kiasi hufurika na kudondosha. Papasa kila mara, hata alikolala pakiwa pamelowa.

Unataka kujua ametoa kiasi gani? Pima kitambaa kikiwa kikavu kwenye mzani wa jikoni, kikamulie humo, pima tena. Gramu moja ni mililita moja. Mtoto wa nusu kilo hutoa takriban mililita 10 hadi 20 kwa siku nzima, zaidi kidogo akinywa maziwa.

Kibofu kikiwa kigumu na hakitoi hata tone, usikaze mkono. Kinaweza kupasuka. Wapo ambao mlango wa kibofu umejibana kwa sababu ya mahali mgongo ulipoumia; hao wanahitaji dawa ya kuulegeza, au mpira wa mkojo, na hiyo ni kazi ya kliniki. Mkojo wenye damu, ukungu au harufu kali kuliko jana nao upelekwe, kabla ya homa.

Choo hakina mambo mengi. Baada ya kukamua, sugua sehemu yake kwa pamba ya uvuguvugu nusu dakika. Wengi hutoa hapohapo. Kikiwa kikavu, changanya nusu kijiko cha chai cha boga lililochemshwa, bila sukari wala chumvi, kwenye mlo mmoja wa siku, na uongeze maji kwenye chakula. Siku 2 bila choo, mwone daktari. Usimtie dawa ya kusafisha tumbo ya watu kwa njia ya nyuma: zenye fosfeti huua paka.

Makao

Boksi au kizimba cha sentimita 60 kwa 90 kinatosha kwa wiki za kwanza. Chini kabisa weka plastiki, juu yake magazeti au pedi ya kunyonya, juu ya hapo blanketi la manyoya bandia linalopitisha mkojo na kubaki kavu juu. Mkeka wa ukindu haufai, unateleza na unachubua. Taulo zenye nyuzi zilizofumuka pia hapana: kidole kisicho na hisia kinasokotwa na uzi, kinavimba, na kinaweza kuoza.

Sisimizi na siafu ni adui ambao miongozo mingi haiwataji. Mzima huwakimbia, aliyepooza huliwa. Kizimba kikae juu ya miguu minne, kila mguu ndani ya kopo lenye maji na tone la sabuni. Nzi nao: manyoya yaliyolowa mkojo yanawavutia, mayai yao huanguliwa ndani ya siku moja, na funza huingia kwenye kidonda usichokiona chini ya mkia. Funika kwa neti ya kufunikia chakula au chandarua cha mtoto mchanga.

Choo cha kuingia mwenyewe, kwa mwenye hisia, kiwe na ukingo wa sentimita 2 au 3 tu. Beseni la zamani lililokatwa upande mmoja linafaa, ilimradi ukingo upigwe plasta. Ndani tia magazeti yaliyochanwa. Mchanga laini hunata kwenye njia ya mkojo.

Chakula

Chini ya wiki 4 mpe maziwa maalumu ya watoto wa paka, jumla ya mililita 20 kwa kila gramu 100 za uzito kwa siku, kwa awamu 5 au 6, amelala kifudifudi. Chali ni kumnywesha mapafu. Maziwa ya ng'ombe humharisha, na kuharisha kwa asiyeweza kujisafisha ni kidonda kesho yake.

Baada ya hapo, chakula kamili cha paka watoto, kikavu kilicholowekwa au cha kopo, milo 4 kwa siku, ndicho rahisi na salama. Usipokipata, nyama au kuku wa kupikwa asikae peke yake: kwa kila nusu kilo tia nusu kijiko cha chai cha maganda ya mayai yaliyochemshwa, kukaushwa na kusagwa yakawa unga kama wa ngano. Dagaa wazima waliochemshwa huongeza kalsiamu kwa sababu huliwa na mifupa yao. Waloweke kwanza kupunguza chumvi. Huo ni mlo wa kuvukia, usiwe wa miezi yote, kwani paka ana mahitaji mengine ambayo sufuria ya nyumbani haiyafikii. Na usizidishe maganda ukidhani mifupa itakaza haraka.

Mpime kila siku saa ileile. Mtoto anayekua huongeza gramu 10 hadi 15 kwa siku. Siku mbili mzani usiposogea, kuna tatizo, na kwa kawaida ni mkojo, minyoo au maumivu. Lakini uzito ukizidi baadaye, mabega yanaumia, kwa sababu yeye ni mabega tu.

Ngozi

Osha sehemu ya nyuma kwa maji ya uvuguvugu mara 1 au 2 kwa siku, bila sabuni kila mara, kisha kausha kwa kugandamiza kitambaa, usisugue. Mafuta mepesi ya jeli ya petroli yatosha kuzuia mkojo kuunguza. Krimu za nepi zenye zinki ni sumu akizilamba, na atazilamba. Pampasi ya mtoto mchanga iliyotobolewa tundu la mkia inasaidia saa 1 au 2 wageni wakija. Akishinda nayo, ngozi inababuka.

Kila jioni geuza nyayo na kagua: mgongo wa unyayo, goti, ncha ya nyonga. Wekundu usiofifia ukibonyezwa ni kidonda kinachokuja. Kwa kutembea sakafuni mshonee mfuko: soksi ya mtu mzima iliyokatwa ncha na kuvutwa hadi kiunoni, ikishikwa na mikanda miwili ya kitambaa inayopita begani. Avae nusu saa, ivuliwe, ikaguliwe. Baadhi huanza kutafuna vidole vyao neva zinapoamka na kuwasha, na hutafuna hadi mfupa kwa sababu maumivu hayapo. Mvishe kola pana siku hiyohiyo. Iliyokatwa kwenye filamu ya zamani ya eksirei, ukingo ukipigwa plasta, inafanya kazi.

Mazoezi

Anza pale tu daktari aliposema mgongo na nyonga vimetulia. Mara 3 kwa siku, dakika 5 hadi 10, baada ya kukamua kibofu, kabla ya kula.

Mlaze ubavu. Kanda mguu kwa vidole viwili dakika moja, kuanzia unyayo kupanda juu. Kisha shika juu na chini ya kila kiungo: kunja na kunyoosha vidole, kifundo, goti, nyonga, mara 10 hadi 15 kila kimoja, pale ambapo kinakubali tu. Malizia kwa kuuzungusha mguu mzima kama anayeendesha baiskeli. Mgeuze, rudia. Kiungo kisichokunjwa kwa wiki kadhaa hukauka, na hapo hata neva zikirudi mguu hauna wa kuutumia.

Mwenye hisia asimamishwe. Pitisha kitambaa cha upana wa sentimita 5 chini ya tumbo, mbele ya mapaja, ushike ncha juu. Panga nyayo chini ya nyonga, bapa, si mgongo wa unyayo. Punguza mkono hadi uzito umshukie, sekunde 5, kisha mnyanyue. Mara 10. Akianza kusukuma, weka bakuli hatua mbili mbele. Sakafu iwe zulia la povu la watoto au raba. Kwenye vigae atajifunza kuteleza tu. Dalili za kurudi huja kwa mpangilio usiopendeza macho: mara nyingi mkia hutangulia, kisha paja kukaza. Kutembea huja baadaye, na kwa wengine ni kwa kuyumba.

Kigari

Kwa mtoto anayeongeza nusu kilo kwa mwezi, kigari cha leo ni kidogo baada ya wiki 5. Ngoja afike miezi 5 au 6, au tengeneza kinachorefuka. Pima urefu kutoka sakafuni hadi kwenye nyonga akiwa ameshikiliwa wima, upana wa nyonga, na urefu kutoka nyuma ya bega hadi shina la mkia. Magurudumu ya gari la kuchezea yenye kipenyo cha sentimita 6 hadi 8 na fremu ya bomba jembamba la nyaya za umeme vinatosha. Upana wa magurudumu uzidi wa nyonga kwa sentimita 3 kila upande, la sivyo hupinduka kwenye kona. Mgongo ubaki mlalo: nyuma ikiwa juu, mabega yanabeba yote. Dakika 5 kwa siku, kisha 15. Akiwa ndani yake hawezi kulala wala kujiokoa, kwa hiyo usimwache peke yake.

Pale isipowezekana

Mgongo uliovunjika, hisia hakuna kabisa baada ya wiki kadhaa, kibofu hakikamuliki, figo zimeambukizwa mara kwa mara, na paka ameacha kula na kujisafisha uso: kumlaza kwa sindano ya daktari ni huduma. Miguu kutofanya kazi peke yake haitoshi kuwa sababu. Angalia kama anacheza, anagombea chakula, anakusogelea.

Kumkabidhi kwa anayemchukua

Asiondoke kabla hajapewa dawa ya minyoo na chanjo: za kwanza huanza wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 hadi wiki 16, ya kichaa cha mbwa kuanzia wiki 12. Mpe mwenyeji mpya daftari la uzito na mkojo, taulo alilolizoea, na chakula cha siku 7 cha aina ileile. Kisha mwache amkamue kibofu mbele yako mara tatu, siku tatu tofauti. Asipoweza mara ya tatu, paka anabaki kwako wiki nyingine.